Kabati la Taa Nililomchagulia Baba Yako

Kwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Kwanza pokea salamu zangu, za moyo mzima, hata zile ninazokusahaulia kwenye simu. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Unakula, au bado ile tabia yako ya chai asubuhi, chai mchana, jioni unalala? Nasikia huko baridi imeanza. Vaa sweta mwanangu, ugonjwa haujui mitindo. Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Miguu yangu ndiyo ile ile, jioni inavimba, asubuhi inajifanya haikuwa yenyewe.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Unajua shule niliiacha mapema, na mwandiko wangu ni nyayo za kuku kwenye unga. Lakini nikipiga simu baba yako anakuwa hapo karibu, na tena jambo lenyewe nikianza kulisema sauti inanikimbia. Kalamu haina koo, haikabwi. Nitaandika polepole, nikishindwa nitaenda kugeuza chungu jikoni kisha nirudi.

Kaka yako amenieleza ulivyosema. Kwamba umeiona ile picha aliyokutumia, kabati la baba yako likipakiwa kwenye gari, na mahali pake limesimama kabati la vioo lililotoka dukani kwa watu. Kwamba umesema mama anamtoa baba ndani ya nyumba kipande kipande. Na kwamba likizo hii huji. Mwanangu, maneno hayo nimelala nayo na nimeamka nayo. Sikulaumu. Kabati lile lilipotengenezwa wewe ndiye uliyekuwa ukishika ncha ya futi, baba yako akikuita Fundi Mdogo. Ila nakuandikia kwa jambo moja tu, nalo ni kukuomba uje. Nisome mpaka mwisho, kisha kasirika ukitaka, lakini ukasirikie hapa hapa nyumbani.

Kwanza ujue kabati lile sijaliuza. Liko kwa yule fundi mwenzake baba yako, yule mwenye kigugumizi, limefunikwa kwa shuka langu mwenyewe. Ni lako siku yoyote.

Hili la vioo nililitafuta kwa miguu yangu hii hii. Kuna mtu nyuma ya soko anauza samani za zamani, watu wanamwita Bwana Vumbi, kwa sababu ukimwambia afute vumbi anakujibu vumbi ndio uzee wenyewe, akilifuta atabaki anauza nini. Nilipomwambia nataka kabati la vioo lenye taa ndani, aliziangalia kandambili zangu, akaniuliza kama naoza binti. Nikamwambia binti yangu bado anachagua.

Akanionyesha la kwanza, la kona, miguu imepinda kama ya paka, taa za manjano, na mgongo wote ni kioo cha kujitazamia. Mwanangu, lilikuwa zuri! Ukiweka kikombe kimoja unaona viwili. Akasema watu wanaligombania kwa ajili ya kioo hicho. Nikasema hicho kioo ndicho nisichokitaka. Akanipeleka kwenye la pili, refu, lilikuwa la sonara, taa zake zinawaka mpaka pembeni, lakini kila mlango una ufunguo wake na vioo vina rangi ya moshi. Nikasema sitaki funguo wala sitaki vioo vya giza. Bwana Vumbi akavuta kiti akanikalisha. Akasema, mama, kaa kwanza tuelewane, wateja wangu wote wanataka kabati watu waone wasiguse, wewe unataka kila mtu aguse, kwani unafungua mgahawa? Nikacheka. Nilicheka kweli, mwanangu, halafu sijui ikawaje nikawa nalia mbele za watu, na yeye na mdomo wake wote ule akaenda kuniletea maji.

La tatu lilikuwa nyuma kabisa, limeegemewa na magodoro. Lilitoka kwenye duka la dawa lililofungwa. Halina urembo wowote. Mgongo wake ni mbao nyeupe, rafu za kioo, milango ya kuteleza isiyo na komeo, na chini yake droo zenye uso wa kioo, kilichomo unakiona kabla hujavuta. Taa ni moja ndefu, nyeupe, na swichi yake ni kubwa, iko ubavuni kwa nje. Nikasimama mbele yake nikapima kwa kiganja. Rafu ya katikati inanifika utosini, maana yake iko sawa na macho ya baba yako. Nikasema ni hili.

Kaka yako alipolibeba kuliingiza ndani aliniambia, dada muuzaji, nipatie vidonge viwili vya kichwa. Jirani naye akapita akasema uzee na majivuno vimenijia siku moja. Na kweli ukiingia sebuleni unakutana na mashati ya baba yako, soksi zake, hata fulana za ndani, zote zinawaka taa kama bidhaa. Waache waseme. Wa kusema hachoki, hana mzigo kichwani.

Sasa sababu, nimeizunguka vya kutosha.

Unajua sifa ya baba yako ilikuwa nini. Milango yake haikuwa na vishikio. Unabonyeza mahali unapopajua, unafunguka, na ukishafungwa huoni hata mstari, unaona ubao mtupu. Wateja walikuwa wanapapasa, yeye amekunja mikono anacheka. Basi asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya kabati lile lako, anapapasa ubao, juu, chini, pembeni, kama mtu aliyezimikiwa taa. Alikuwa anatafuta kikombe. Akaniambia wamebeba vyote. Nikabonyeza, mlango ukafunguka, vikombe hivyo hapo. Alishtuka. Akaniuliza ni fundi gani mpumbavu anayetengeneza mlango usioonekana. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Tangu siku ile, kilicho ndani ya kabati kwake hakipo duniani. Alitoka nje na taulo kiunoni kumshtakia jirani kwamba nimemwibia nguo. Nilimpeleka hospitali, na daktari, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba ni maradhi ya kusahau, kwamba hayarudi nyuma, yanakwenda mbele tu. Akasema asichokiona kwa macho ameshakipoteza. Nilirudi nyumbani na neno hilo. Ndiyo maana ya vioo, mwanangu, ndiyo maana ya taa. Na vioo vya kujitazamia nimeviondoa nyumba nzima, maana humo ndani kuna mzee ambaye baba yako humkaribisha chai, na mzee huyo asipoitikia, anaumia moyo. Kaka yako yote haya anayajua. Nilimwapisha asikwambie. Ile picha alikutumia akidhani mtacheka.

Lakini sasa asubuhi baba yako anawasha taa mwenyewe, anachukua shati mwenyewe, kikombe mwenyewe, haombi mtu, hamshtaki mtu. Nami nasimama mlangoni kama sipo, namtazama anafunga vifungo.

Najua unachosema hapo ulipo. Unasema mbona kila Jumapili naongea na baba, na baba yu sawa. Mwanangu, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Kila Jumapili nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, mdomo wangu sikioni mwake. Mwambie hujambo mwanangu. Mwambie umekula. Mwambie kazi inaendeleaje. Alikuwa anasema ninavyomnong'oneza, kwa sauti yake ile ile uliyoizoea, na ukishakata simu ananigeukia kama mtoto aliyemaliza kusoma mbele ya darasa, ananiuliza kama amefanya vizuri. Namwambia umefanya vizuri sana. Nilijidanganya kwamba nakulinda wewe, uko mbali, una kazi, utalia na nani huko. Labda nilikuwa najilinda mimi, kwa sababu kwenye simu ile, kwa dakika chache, alikuwa tena mume wangu na baba yako.

Mara moja tu hakunihitaji. Siku uliyomwambia mlango wa kabati lako la nguo la huko umelegea unakwaruza chini. Akanisukuma mkono, akakwambia usiguse bawaba ya chini, anza na skrubu ya juu, weka kipande cha karatasi ngumu chini ya mlango kisha ndipo ukaze. Ukamwambia asante baba. Hayo yalikuwa yake, mwanangu. Hayo yaweke.

Nakuomba uje, na uje mapema. Ukifika usimuulize kama anakukumbuka. Mimi nilikuwa namuuliza, naye anaona haya, anainamisha kichwa kama mwenye deni. Msalimie kama unavyomsalimia mzee yeyote, ukae, mwombe akuonyeshe kabati. Atakuonyesha, anajivunia, anawaambia watu wote amelitengeneza yeye. Usimbishie. Na uje wakati bado mimi ananijua, ili awepo mtu wa kukutambulisha kwake, maana asubuhi ya leo ameniita dada, akanishukuru kwa chai, akaniuliza mume wangu anarudi saa ngapi. Nikamwambia namsubiri.

Sina jingine. Wasalimie wenzako mnaoishi pamoja, na mama mwenye nyumba wako. Kaka yako anakusalimu, anasema ukija atakupokea mwenyewe, usipande gari na mizigo peke yako. Jirani naye anakusalimu, pamoja na mdomo wake. Baba yako ameketi hapa karibu yangu. Ameniuliza barua naiandikia nani, nami nimekutaja kwa jina lako kamili. Amefikiri kidogo, kisha amesema nikupe salamu zake nyingi, na kama wazazi wako bado wako hai, uwafikishie na wao.

Zangu nimezipokea.

Ni mimi mama yako.