Mkate Uliolowa Chini ya Kikombe Changu

Jumanne. Mvua imepiga mabati ya landhi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, tangu alfajiri, na matope ya Nakuru yamenishika viatu kama mdai. Moyo nao hauko mahali pake.

Naandika kwa penseli. Mwalimu aliyenifundisha zile darasa tatu akiona huu mwandiko atanichapa tena, na mimi nina mvi mpaka puani. Leo nataka kusema ukweli. Sina mazoea nao, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mjukuu wangu Nekesa ana miaka miwili na nusu. Tumbo limefura kama ngoma, miguu ni njiti za kiberiti. Anaharisha, analia, hakui. Watu wa landhi walisema ni minyoo. Akanyweshwa dawa, hakutoka hata mmoja. Jirani mmoja, mama mwenye domo, akasema ni jicho la mtu, halafu akaniangalia mimi. Nikamwambia jicho langu lingekuwa na nguvu hiyo ningeanza na yeye.

Wiki sita zilizopita daktari mzungu alisema, dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akimtafsiria, kwamba labda ni ngano.

Ngano! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimetia makaa kwenye injini ya reli miaka ishirini, tumevuta mabehewa na mabehewa ya ngano ya walowezi, na sijasikia imeua mtu, labda gunia likikuangukia.

Dresa akanieleza kama mtoto wa shule. Ndani ya ngano kuna kitu kinachonata, na matumbo ya watoto wengine hayakitaki. Huko Ulaya kwa kina daktari, wakati wa vita mkate ulikosekana, watu wakakonda, lakini watoto wa ugonjwa huu ndio kwanza wakanenepa. Kipimo chenyewe si sindano. Mtoto anyimwe ngano wiki sita: asile mkate, chapati wala mandazi. Ale wimbi, ndizi, mahindi, viazi vya Dundori. Akipata nafuu, tumejua adui.

Mama Nekesa, mke wa mwanangu Wafula, aliishika hiyo amri kuliko askari wa zamu. Hata kikaango cha chapati alikipeleka kwa jirani kisimtie majaribuni.

Wiki sita zimeisha, na mtoto ni yule yule.

Sasa nifike penyewe.

Kwetu baba mkwe hali mbele ya mke wa mwanawe, na yeye hatazami mkono wako ukienda mdomoni. Mimi nalala chumba kidogo cha nyuma. Kila asubuhi mama Nekesa anaweka chai yangu mlangoni, anakohoa, anaondoka. Nekesa anabaki. Anaingia na kukaa katikati ya magoti yangu, ananiita Kuka, ndiyo babu kwa lugha yetu. Mkate nanunua mwenyewe kwa duka la Mhindi, nauweka chini ya mto. Nauchovya mpaka ulegee, kwa sababu meno yangu yalishastaafu. Kinachobaki kwa babu ni cha mjukuu, ndivyo nilivyolelewa. Na chini ya kikombe hubaki ule uji wa mkate, mtamu, anaumaliza kwa kidole.

Nilijiambia hiyo ni chai. Daktari hakukataza chai.

Leo tulirudi hospitali. Daktari akambonyeza mtoto tumbo, akauliza kama mama ana hakika hakuna ngano iliyopita. Mama Nekesa akasema hakuna. Wafula akamgeukia mbele ya watu wote.

"Sema ukweli, wewe! Mtoto atapimwaje kama unadanganya daktari?"

"Haki ya Mungu, Baba Nekesa, hata unga sijagusa."

Daktari akatikisa kichwa. Dresa akatafsiri: basi si ngano, na kama si ngano, yeye hajui ni nini. Mama Nekesa alilia bila sauti, mtoto mgongoni, kile kichwa kidogo kimelala upande.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ninayoiweza vizuri sana.

Nikasimama. Dresa akaniuliza, "Mzee, na wewe unaumwa nini?"

"Naumwa na mkate, kijana. Mwambie daktari mwizi ni mimi, huyu mama wamwache."

Nikasema yote, kikombe, kidole, mto. Dresa alicheka kabla ya kutafsiri. Daktari hakucheka. Wafula alitazama ukuta. Daktari akasema tunaanza upya, wiki sita, na leo ndiyo siku ya kwanza. Na mtoto akipata nafuu, kipimo hakijaisha. Lazima arudishiwe mkate kwa makusudi siku chache, waone kama ugonjwa unarudi, maana pengine angepona tu mwenyewe.

Nje, kwenye veranda, mama Nekesa alisimama akanipa ubavu, kama adabu inavyotaka. Tangu aolewe hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu.

"Baba, hiyo siku ya kumrudishia mkate, utampa wewe. Ameuzoea mkono wako."

Sijui kama alinisamehe au alinichapa. Nilivua kofia, nikavaa tena.

Jioni hii nimetoa mkate chini ya mto nikawagawia watu wa landhi. Kesho nitakunywa chai kavu, mlango wazi kabisa, mama Nekesa aone mpaka koo langu likimeza. Wazee wa kwetu wakisikia wasikie.

Lakini hiyo siku ya kumrudishia mkate inanitisha. Nimempa huyu mtoto sumu kila asubuhi nikicheka. Akishanenepa, akija mbio, akikaa tena hapa magotini na kufungua mdomo, nitaweza kumpa kile kipande nikijua?