Jaketi la Neema

Jumapili, 3 Agosti
Shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, Ingleburn, kisha kanisani bila kula. Wazee sita wa kuogesha, mmoja kaniuma mkono. Binti yangu Neema alipiga dramu. Amenyoa kichwa pande zote mbili, katikati nywele zimesimama, kijani kibichi. Jaketi lake limeraruka kuanzia mabegani, limeshikwa kwa pini za nepi. Ana miaka kumi na saba. Mama Kendi, mwenyekiti wa akina mama, alimtazama ibada nzima. Afadhali angesema kitu.

Jumanne, 5 Agosti
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mama Kendi amekuja na wenzake wawili na mfuko mkubwa wa nguo. "Mama Neema, si ungetuambia tu mambo ni magumu?" Walidhani nimeshindwa kumvisha mtoto! Mimi, ninayeinua wazee wa watu mpaka mgongo unalia. Sweta za mtumba, mlangoni pangu. Nilisema asante. Najichukia kwa hiyo asante. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Nikamfokea yeye badala yao.

Jumatano, 6 Agosti
Neema anaandika insha ya shule kuhusu hao mapanki wake, wapiga muziki wa fujo. Nimesikiliza nikikata sukuma wiki. Eti walianza vijana wasio na kazi, Marekani na Uingereza, na hapa Australia pia, kule Brisbane, polisi wakiwatimua kumbini. Hawakujua gitaa vizuri, wakapiga hivyo hivyo. Hakuna aliyetaka kuwachapisha, wakaandika vijarida vyao na kuvitoa kopi. Nguo wakazirarua wenyewe ili asiwepo wa kuwauzia mtindo. Sasa maduka yanauza suruali zilizoraruliwa kiwandani, ghali kuliko nzima. Hilo linamkera Neema kuliko polisi. Hapo tu tulikubaliana. Nikamwambia sisi utotoni tulivaa matambara bila kuandika insha. Akainuka akaenda zake.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku ya mapumziko. Nilichukua jaketi, nikatoa pini zote, nikalifua, nikashona kila mpasuko, nikatia viraka kwa ndani, nikapiga pasi. Mishono midogo, safi. Maneno aliyoyachora kwa rangi mgongoni yalitoka na maji, nami nikafurahi. Neema alirudi kutoka shule, akalishika, akaligeuza. "Mum, you fixed it." Eti nimelitengeneza. Kisha akalia kama aliyefiwa. Kumbe kila pini alipewa na rafiki. Kumbe Jumamosi bendi yao, wasichana watatu, inapiga muziki huko Cabramatta, na hilo ndilo alilotaka kuvaa. Kazi yake ya mwaka mzima. Nimekasirika. Nimetenda wema nikageuka mwizi ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Kendi amepiga simu. Kamati imekaa. Neema asiguse dramu mpaka anyoe nywele zote, na Jumapili nimlete mbele aombewe. "Ni kwa upendo, Mama Neema." Upendo gani huo! Kanisa lilipokosa mpiga dramu, mtoto huyu alijifunza peke yake kwa ndoo za jikoni, majirani wakigonga ukuta. Wakati huo waliita kipaji cha Mungu. Kipaji kilikaa kwenye nywele? Nimesema hapana. Nimekata simu kabla hajaaga. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jana mimi nilifanya yale yale wanayotaka wao. Mimi nilitumia sindano tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefumua. Kila mshono. Ukishona vizuri, kufumua ni adhabu. Neema alikaa karibu akinionyesha pini ipi ilikaa wapi. Si jaketi lile tena, matundu ya sindano yanaonekana. Alilivaa hivyo hivyo, akaenda Cabramatta.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekwenda kanisani peke yangu. Nimekaa mbele wanione. Dramu zilifunikwa shuka. Kwaya iliimba kwa makofi, ikawa inakimbia, hakuna wa kuishikia mdundo. Mama Kendi alinipa mkono, nikaupokea.

Nyumbani Neema alikuwa amepika chai. Akauliza nani alipiga dramu. Nikasema hakuna. Tulikunywa. Vidole vyake vikaanza kugonga meza, polepole, mwendo wa wimbo wa sadaka. Aliupiga wote mpaka mwisho.