Televisheni ya Bartholomeo Inagonga

Eunice, televisheni ya marehemu kaka imewaka! Limi wangu ndiye aliyeiwasha, kwa mikono yake, si fundi wa kiume yeyote!

Haya, sasa nikusalimu. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba mdogo wangu. Mhola hapo Ushirombo? Kifua cha shemeji kimepoa? Sisi hapa Ngokolo wazima, ila joto, na mguu wangu ni ule ule. Sikupiga simu kwa sababu kuna neno huku chini ambalo kwenye simu ningelimeza. Ndiyo maana barua nimempa Edward wa basi akuletee mkononi.

Unakumbuka tulipogawana vitu vya kaka Bartholomeo, baada ya duara, lile shimo la dhahabu, kumfukia kule Geita, mimi nilichukua televisheni. Ilikuwa nzima kabisa. Mwezi wa sita ikaacha kuonyesha. Ukichomeka, taa nyekundu inawaka, halafu kwa nyuma inagonga: ta, ta, ta. Inanyamaza. Inagonga tena tatu. Wewe unajua nani alikuwa anabisha hivyo, bila kusema neno, mpaka umfungulie. Mama Nelly jirani alisikia mara moja tu, akaacha chai yake kwenye kikombe, na mpaka leo hapiti hata uani kwangu. Baadaye ikazima kabisa, hata taa. Mafundi wawili wa mjini wakasema nitupe.

Ndipo Limi akaja likizo kutoka chuo cha ufundi, ambako wasichana ni wawili na wa kwanza darasani ni yeye. Nilishakwambia, lakini acha nirudie. Akaifungua mezani, akabadilisha fyuzi, ikaanza kugonga tena. Mimi nikatoka nje. Yeye akacheka, akashika mita yake. Akasema hiyo ni pawa saplai: umeme wa kusubiri upo, lakini ule wa volti kumi na mbili ukipanda unaporomoka, basi inajizima na kujaribu upya, na huko kujaribu ndiko kunakogonga. Akanionyesha kapasita mbili zimevimba vichwa. Akanionya nisiguse ile kubwa, maana hata waya ukichomolewa inabaki na nguvu ya kumwangusha mtu. Akaigusisha balbu. Eunice, balbu ilimulika bila kuchomekwa popote, kisha ikafifia.

Lakini kadi yenyewe, kile kibao kinachobeba vidude vyote, ilikuwa imeliwa, imegandwa na kitu cheupe kama uji uliokauka. Limi akauliza nani kapika humo ndani. Nikasema ni mende. Akaenda Ibadakuli, akapata kadi nyingine kwenye televisheni iliyovunjika kioo, akaifunga, na picha ikaja safi.

Sasa nisikilize. Si mende. Ni mimi niliyechanganya maji na unga wa mtama, kama alivyofanya bibi akiwaomba waliotangulia, nikayamwaga kwenye matundu ya nyuma, kwa kuwa ndiko sauti ilikotoka. Nilikuwa naomba radhi.

Siku ya tatu pale Geita, kabla hujafika, wachimbaji walipanda juu wakasema wamesikia kugonga chini. Mara tatu. Msimamizi akasema kuta zinameguka, wakiendelea tutazika na wengine, akaniuliza mimi dada mtu. Nilisema basi, waache. Wewe nikakwambia waliacha kuchimba kabla sijafika, tena hakukuwa na sauti yoyote. Ndiyo maana hujakubali kumaliza msiba, na mpaka leo unawalaani wale vijana. Uwaache. Ni mimi.

Ile kadi ya zamani Limi aliiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, haina waya hata mmoja. Jumapili tumetoka misa, tunakula, kopo likagonga mara tatu. Limi, mwenye jibu la kila kitu, aliweka kijiko chini akanitazama mimi, hakutazama kopo. Nikamwambia yote. Ndiye aliyesema nikuandikie.

Kadi tunairudisha pale kwenye duara, na unga niumwage palipostahili. Ukitaka kunitukana, nitukane hapo hapo mbele ya ukoo, sitajibu. Baba Limi anamsalimu shemeji, na Limi anakuamkia. Wote nimeshawaita, umebaki wewe tu: Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi.

Dadako,
Scolastika, Mama Limi