Waliyemwita Uvimbe

Jumatatu, 8 Machi 1993

Zamu ya asubuhi. Sangara wakubwa, wengine wana mayai. Kutwa nzima natoa miiba kwenye minofu huku maji ya barafu yanaingia kwenye buti. Vidole ganzi. Kiwanda kimefunguliwa juzijuzi tu na tayari nusu ya mji inanuka sisi. Nimejisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Harufu iko palepale. Pale Mabatini dada mmoja aliyependeza alinipisha njia huku ameziba pua. Sikumlaumu.

Nyumbani nimemkuta shemeji Bonifasi, kaka yake Deo, ametandaza picha za harusi mezani. Deo kampigia simu dukani kwake. Mambo yameiva. Mwezi wa tano naitwa ubalozini Nairobi kuhojiwa. Nikipita, naenda Kanada kwa mume wangu.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Mimi nilikaa tu. Miaka mitano nimeisubiri habari hii, na ilipofika nimehisi kama nimekula kitu kilicholala.

Jumatano, 10 Machi

Picha zile nazichukia.

Ukweli ni huu. Mimi na Deo tulifunga ndoa kanisani Misungwi mwaka 1985. Mwaka uliofuata akazaliwa Nyamizi, kwa kisu, nusura tufe wote wawili. Mwaka 1988 Deo akapata nafasi ya kusoma Kanada. Kwenye karatasi zake akaandika hana mke, hana mtoto. Mtu alimwambia asiye na familia anapokelewa upesi. Mimi sikuambiwa. Alipopata ruhusa ya kuishi huko moja kwa moja akaona sasa anahitaji mke, na hawezi kusema alikuwa naye siku zote.

Basi Desemba iliyopita akaja tukafunga ndoa ya pili, bomani, kama watu waliojuana jana. Shela la kuazima. Keki ya rangi ya waridi. Mimi mke wa miaka saba nikaambiwa niangalie chini kama naona haya. Nyamizi alipelekwa kwa jirani kutwa nzima ili asitokee kwenye picha. Alisikia ngoma akakimbilia uani kwetu, akarudishwa.

Na mimi nilikata keki. Nilimlisha Deo, na yeye akanilisha mimi.

Jumapili, 21 Machi

Kila Jumapili baada ya misa ni mazoezi. Bonifasi anakuwa mzungu wa ubalozini. Anavaa koti. Anakunja nne.

Mlijuana vipi? Binamu yangu alinipa anwani yake, tukaandikiana. Kwa nini ulimpenda? Ana heshima. Ana alama gani mwilini? Baka, bega la kushoto. Analala upande gani wa kitanda? Wa ukutani.

Halafu akaanza kuuliza mengine, ambayo sidhani kama mzungu yeyote anauliza. Anauliza huku anatabasamu, ulimi uko kwenye meno. Nikamwambia, shemeji, hayo siyajibu. Akasema, "Kule utajibu, au utabaki hapa na samaki wako." Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya karanga. Hakuinua kichwa.

Mwisho akauliza, "Watoto?"

"Sina."

"Sema haraka. Usimeze mate."

Tukarudia mpaka nikaacha kumeza mate.

Kinyaa. Sina neno lingine.

Ijumaa, 2 Aprili

Bonifasi kapata wazo jipya. Huenda ubalozi ukatuma mtu kuuliza majirani. Kwa hiyo Nyamizi asiniite mama. Aniite shangazi, mpaka niondoke. Anampa pipi kila akipatia.

Nilikataa. Mama mkwe akasema ni wiki chache tu, mtoto hatakufa kwa neno. Nikakubali. Nilitaka Kanada. Niandike wazi, kwa sababu hapa hakuna anayenisoma: nilitaka kutoka kwenye yale maji ya barafu.

Siku mbili tu kazoea. Asubuhi alinijia na sare yake ya shule, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Leo nikuite nani?"

Jumanne, 13 Aprili

Simu ya Deo, dukani kwa Bonifasi. Wateja wamesimama, mmoja anataka tairi ya baiskeli, wote wananisikiliza naongea na mume wangu. Zamani aliniita Mama Nyamizi. Sasa ananiita Salome.

Nikamuuliza mtoto itakuwaje.

"Tutamchukua baadaye."

"Kwa njia gani, Deo? Umewaambia hayupo."

"Salome, usinichanganye. Wewe fika kwanza. Halafu sikiliza, kuna daktari wa kukupima. Akiliona kovu la tumboni, mwambie ulitolewa uvimbe."

Nikadhani simu inakwaruza. Nikamwambia arudie.

"Uvimbe. Sema ulikuwa na uvimbe, wakautoa, ukaisha."

Bonifasi alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Wanajua wote. Walishapanga.

Aliyekaa nje ya wodi siku mbili bila kula, akilia, akiahidi kwa Mungu, ni huyuhuyu. Alipoletewa mtoto alimnusa kichwani. Nilikuwa nimelala nusu mzima, lakini nilimwona.

Alhamisi, 22 Aprili

Kwa daktari. Mama mtu mzima, mikono yake ya baridi. Shikamoo, marahaba, panda kitandani. Alipima kifua, macho, damu. Akafunua tumbo.

"Operesheni ya nini hii?"

"Uvimbe."

Sikumeza mate.

Hakuandika papo hapo. Aliangalia kovu, akaangalia na michirizi ya ngozi pembeni. Kila mwanamke aliyebeba mimba anayo. Akaniangalia usoni. Akanifunika taratibu, kama mtu anavyofunika maiti, akasema, "Haya, vaa." Kisha akaandika nilivyosema.

Nimetapika nyuma ya ukuta wa kliniki. Muuza machungwa mmoja akaniuliza kama nina mimba.

Nyumbani Nyamizi alikuwa anaimba nyimbo za shule na kuruka kamba. Nilishindwa kumtazama. Bonifasi akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia, umepata ulichotaka. Akanipiga begani kama dereva anayempongeza utingo. Hilo bega nimelisugua kuliko nilivyowahi kusugua harufu ya sangara.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tangu alfajiri Nyamizi anaungua homa. Saa tatu akaanza kutetemeka, macho yanageuka. Nimembeba mgongoni hadi hospitali, mvua inanyesha, matope mpaka magotini.

Nesi mmoja alimpokea. Akamlaza, akamuinamia. Alikuwa na sauti nzuri.

"Mtoto mzuri, mama yako yuko wapi?"

Nyamizi akafumbua macho. Akaniona. Midomo imekauka, mwili moto kama jiko, na bado akakumbuka mafundisho.

"Sina mama hapa. Huyu ni shangazi."

Nesi akanigeukia. Akasema wanataka kumtundikia dripu ya kwinini, wanahitaji kumuuliza mama mambo ya mtoto, mama aitwe haraka, na mimi nisubiri nje.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini chote. Nilisema mimi ndiye mama yake, nimemzaa mimi. Wodi nzima ikageuka. Nesi akaniona mwendawazimu. Akamuuliza mtoto tena, "Ni mama yako huyu?"

Nyamizi aliniangalia. Hakujua jibu lipi ndilo sahihi. Aliogopa kukosea. Machozi yanamtoka, anasubiri nimwonyeshe kwa macho aseme nini.

Nikapanda kitandani na matope yangu nikamkumbatia. "Mama. Niite mama. Leo, kesho, mbele ya yeyote."

Akaniita. Nesi akaacha kuuliza. Akaleta dripu.

Jumanne, 4 Mei

Homa imeshuka. Amekunywa uji, akaomba mwingine. Masikio yanavuma kwa kwinini, anacheka kwamba anasikia nyuki.

Bonifasi alikuja kutuona mara moja. Hakumgusa mtoto. Aliuliza kama nimeandikwa hospitalini kuwa mama, kwa sababu hilo linaweza kutuharibia.

Nilimtazama yule mtu, shati lake safi, kalamu mfukoni. Nikaona sina hasira naye tena. Ni kama kuona funza kwenye samaki. Humkasirikii funza. Unatupa samaki.

Jumapili, 9 Mei

Leo nimewaambia. Siendi Nairobi.

Bonifasi alicheka kwanza. Halafu akampigia Deo, akanisukumia mkonga wa simu. Duka limefungwa, hakuna wateja. Tuko watatu, mimi, yeye na mama yao aliyekaa juu ya kreti la soda.

Deo alianza kwa upole. Nyumba ina joto hata kukiwa na theluji. Nitasoma, nitaacha kunuka. Alisema hivyo, kuacha kunuka. Kumbe Desemba alinisikia harufu.

Nikamwambia nitaenda kama nitaruhusiwa kusema nina mtoto.

"Ukisema hivyo wananifukuza! Unataka kuniua?"

"Ndiyo maana siendi kabisa. Sitakusema, Deo. Ila na yeye sitamkana tena."

"Ni neno tu, Salome."

"Basi lirudishe wewe. Waambie ulisahau mtoto."

Nilisikia anapumua. Nilisubiri kwa moyo wote, niseme ukweli. Angesema lolote, hata uongo, ilimradi lina jina la mtoto ndani yake, ningelegea. Akasema, "Mpe Boni simu."

Bonifasi akaongea na Deo dakika chache, akakata. Akasema wasichana wanaotaka nafasi hii wamejaa mpaka Musoma, na wengine hawajachanwa tumbo. Akasema nyumba ni ya Deo, nitoke kabla ya Jumatano.

Jumatatu, 10 Mei

Tumehama. Chumba kimoja Buzuruga, kwa mama anayefanya kazi na mimi meza ya minofu.

Vitu vyetu vichache: sufuria, ndoo, godoro, madaftari ya Nyamizi. Nilikuwa nafunga kamba mama mkwe akatoka ndani. Akainama, akajitwika godoro kichwani, mwanamke wa umri ule, akatangulia mpaka barabarani. Akalitua. Akamshika Nyamizi mashavu kwa mikono miwili, kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika. Kisha akarudi nyumbani bila kugeuka.

Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananifukuza au ananisindikiza.

Jumatano, 12 Mei

Ndiyo ilikuwa siku ya Nairobi. Nimeshinda kwenye minofu. Msimamizi akagombeza, nimeacha miiba mitatu kwenye samaki mmoja. Mchana nilikaa nje na wenzangu, tukala. Ng'ambo ya uzio wanawake walikuwa wanagombania mapanki, vichwa na mifupa tunayotupa, nzi wamewafunika mikono. Minofu inapanda ndege. Mifupa inabaki kwetu.

Nilitaka kupanda ndege na mimi. Nalia ninapoandika, sioni sababu ya kuficha. Nilitaka kuona theluji. Nilitaka mume. Nilimpenda Deo, yule wa nje ya wodi, na sijui alikufa lini.

Ijumaa, 4 Juni

Nimesikia kwa mke wa fundi cherehani. Msichana kapatikana. Kwao Mara ila anakaa hapa mjini, miaka ishirini na moja, anaimba kwaya ya kanisa. Ndoa yangu ya bomani inafutwa kimyakimya. Bonifasi anamfundisha Jumapili baada ya misa.

Nilidhani nitaumia. Nikamhurumia tu. Nikafikiri nimtafute nimwambie. Nimwambie nini? Mume wako mtarajiwa ana mke wa kanisani na mtoto? Ataniona mwenye wivu, tena ninanuka samaki.

Baadaye nikaenda hivyo hivyo. Nilimngoja nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. Msichana mpole, alinisalimia shikamoo, ingawa sijamzidi sana. Nyamizi nilikuwa nimemshika mkono. Nikamwambia, "Huyu ni binti wa Deo. Mimi ni mama yake. Sina zaidi."

Alimwangalia mtoto muda mrefu. Nyamizi kafanana na baba yake mpaka inaudhi. Akauliza, "Wanajua wewe umekuja?" Nikasema hapana. Akasema asante, dada. Akaondoka haraka, kitabu cha nyimbo kifuani. Atafanya nini ni juu yake.

Jumapili, 20 Juni

Mvua zimekwisha. Nimefua mashuka nikayaanika kwenye mawe nyuma ya nyumba. Upepo unatoka ziwani.

Nyamizi kang'oka jino la mbele. Alikuja nalo mkononi, damu kidevuni, anajivuna. Tukalitupa juu ya bati, akaomba jipya. Lilibingirika, likarudi chini. Tukalitupa tena. Likarudi. Jirani akatucheka, akatuonyesha upande usio na mteremko.

Limekaa. Mchana tumekula dagaa na ugali, yeye anatafuna upande mmoja. Sasa kalala. Mashuka yamekauka, naenda kuyaanua.