Kiapo cha Gunia la Unga

Jumamosi, siku ya posho. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini matope ya kambi yetu ya mkonge bado yanavua watu viatu, wale wenye viatu. Moyo wangu umechafuka kuliko njia.

Leo nimewaona watu wakimtumia Mungu kama tambara la kufutia mikono.

Gunia moja la unga limekosekana stoo. Bwana Meneja alisema hagawi posho mpaka mwizi ajulikane, akarudi kunywa chai. Kazi ya kumjua mwizi akamwachia Kondo, mnyapara wetu. Na Kondo, kama desturi ya kambi hii, akaleta vitabu. Msahafu meza ya kulia, Biblia meza ya kushoto. Kila mtu ashike chake, aape kwamba hakuiba wala hajui aliyeiba.

Kondo aliapa wa kwanza. Aliapa kwa vyote viwili, kama mtu anayekata tiketi mbili za treni moja.

Tukafuata. Wakata mkonge, wasukuma toroli, wapishi. Mikono ikapanda na kushuka, na gunia halikurudi.

Ndipo zamu ikamfikia Mzee Nangumi. Huyu ametoka kusini, ng'ambo ya Ruvuma, mguu mmoja mbovu, na hana kitabu. Ana mizimu yake, ambayo haijawahi kumsumbua mtu hapa.

"Shika kimoja, mzee," Kondo akamwambia.

"Kipi?"

"Chochote!"

"Nikishika nisichokiamini nitakuwa nimeshadanganya kabla sijafungua mdomo. Unga sikuchukua. Basi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Hana Mungu huyo! Mtu asiye na Mungu atazuiwa na nini?"

Mzee akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. "Kwani wewe, mwanangu, unazuiwa? Kwetu hatuli chakula cha mwenye njaa. Hakuna aliyetuamrisha."

Hiyo ikawa hukumu yake. Mwizi amepatikana: ni yule aliyekataa kudanganya. Jumatatu kadi yake ya kazi itachanwa, na amebakiza siku tatu tu kuimaliza. Kadi isiyojaa hailipwi, maana yake jasho lote hilo limekwenda na maji ya mto Mkondoa. Kisha aondoke. Atarudi kwao kwa miguu, kwa ule mguu, apite pori la Mikumi ambako simba hawaulizi mtu dini.

Mchana nilimfuata mwalimu wa dini, yule aliyesimamia meza ya Biblia. Nikamuuliza kwa adabu: wizi ni mbaya kwa kuwa Mungu kaukataza, au kaukataza kwa kuwa ni mbaya?

"Bila amri ya Mungu, bwana, tungelana nyama."

"Mwalimu, jana ulitaka kumla nani?"

Akaniambia kusoma magazeti ya kufungia sukari kumeniharibu akili. Huenda. Shule yangu ni hiyo. Lakini najua hesabu hii haitoki: kama ubaya unaanzia kwenye amri tu, basi amri ingegeuka, Kondo angekuwa mtakatifu na mzee angekuwa mhalifu. Na leo imegeuka hivyo hivyo, bila Mungu kusema neno. Wameamua watu, wakatia muhuri wa jina lake.

Nawadharau. Nimewadharau siku nzima, na imenipendeza.

Sasa niandike lile ninaloliruka tangu nianze.

Alhamisi nilikuwa nasukuma toroli kutoka stoo. Kondo alilaza gunia la unga chini kwenye toroli, akalifunika kwa majani mabichi ya mkonge. Akanitazama.

"Umeona nini?"

"Sina macho, Mnyapara."

Jioni yake nikaletewa vibaba viwili vya unga kwenye kitambaa. Kimoja nimekila. Ugali ulikuwa mzuri, sitasema uongo hapa pia.

Na leo nilishika kitabu nikaapa kwamba sijui. Nilingoja kitu kinipate, hakikuja. Aliyenipata ni yule mzee, baadaye, alipopita mlangoni kwangu akichechemea. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ile ile ya kila siku.

Alikuja kuazima sindano. Gunia lake la safari limechanika.

Kwa hiyo kesho, Bwana Meneja akirudi kutoka kanisani Kilosa, atanikuta barazani kwake nimeshika kibaba kilichobaki, ndani ya kile kile kitambaa. Ni kipande cha shuka ya Kondo, kambi nzima inaijua. Nitasema nilichoona, na nilichokula. Huenda Jumatatu zikachanwa kadi mbili, ya mzee na yangu, au ya kwangu peke yake. Sitaapa. Akinitolea kitabu nitamwambia kiapo changu nilishakitumia vibaya jana, anisikilize hivi hivi.

Kama Mungu anataka nifanye hivyo, vizuri. Kama hataki, tutaongea siku nikifika kwake.

Mzee nimemwambia sindano sina. Ninayo, nimeichomeka kwenye kola ya shati. Sitaki afunge mzigo kabla kesho haijafika.

Huo nao ni uongo. Lakini huu sikuuapia.