Alama Chini ya Nguzo ya Tatu

Kilmorran, 3 Machi 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Orkney? Shangazi Ishbel bado anakulisha samaki wa chumvi asubuhi mpaka jioni? Mimi mzima wa mwili, ila nimechefukwa tangu Jumatatu.

Wamenipa nguzo ya tatu upande wa kaskazini wa kanisa la abasia, ile uliyonibeba nikapapasa michongo yake nikiwa mdogo. Baba, inanuka. Watawa waliijenga kwa chokaa ikasimama zaidi ya miaka mia nane. Waingereza walichoma paa, haikutikisika. Wakaja watu wetu wenyewe wakati nchi ilipoacha Ukatoliki, wakavunja altare na mawe yake wakajengea mabanda ya nguruwe. Nguzo ikasimama tu. Halafu juzijuzi katokea hayawani mmoja, kaziba viungo vyote kati ya mawe kwa saruji! Jiwe la hapa ni laini, maji yanapaswa kutokea kwenye chokaa. Sasa yamefungiwa ndani na jiwe linaoza. Jana nilichokonoa kiungo kimoja, likaruka tope jeusi lenye uvundo wa soksi za mwezi mzima, likaniingia mdomoni. Msimamizi wetu, Mzee Kinnear, anasema tusipoitibu kabla ya baridi ijayo, tao la juu litatuangukia.

Wewe ulifanya kazi hapa ujanani. Unamjua aliyefanya uchafu huu?

Uanagenzi wangu unaisha Mei. Nitachukua alama yako ya kuchonga kwenye mawe, ile pembetatu yenye mkia, niongeze mstari wangu mmoja kama desturi yetu waashi.

Binti yako,
Rhona

Stromness, Orkney, 14 Machi

Mwanangu Rhona,

Marahaba. Magoti yanalia kama mlango mbovu, lakini uji unashuka. Shangazi yako anasema uvae kofia.

Watu wa namna hiyo walikuwa wengi enzi zile. Wanakuja na lori, wanapaka, wanaondoka. Hawana haya. Majina siyakumbuki. Chokonoa taratibu, na ufunge kitambaa mdomoni.

Kuhusu alama, usiwe na haraka. Ziko alama nyingi nzuri.

Baba yako

Kilmorran, 2 Aprili

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Tumeng'oa jiwe la chini la nguzo ya tatu. Si la watawa, liliwekwa mwaka 1958 pamoja na ile saruji. Nikaligeuza. Upande wa chini, pasipoonekana na mtu, kuna pembetatu yenye mkia.

Mzee Kinnear akaitazama, akanitazama, akasema, "Kanywe chai, Rhona." Mwashi mwenzangu Duncan naye, mdomo haumtulii, akapiga kelele kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, "Kumbe yule hayawani ni wa ukoo!" Wote wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya makaburi nikaisoma tena barua yako.

Saruji naweza kuimeza. Kinachonitia kinyaa ni barua yako. "Hawana haya." Uliketi mezani kwa shangazi, ukaandika maneno hayo kwa mkono uleule, ukabandika stempu!

Kitabu cha kuandikisha alama za waashi wapya kinafunguliwa tarehe 8 Mei. Nijibu kabla ya hapo.

Rhona

Stromness, 29 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima, ingawa mimi hukuniuliza.

Ni mimi. Barua hii nimeichana mara nne.

Wakati ule saruji ilisifiwa kila mahali, na mimi niliiamini. Lakini wiki ya tatu mvua ilinyesha, nikaona jiwe linatoa jasho. Nilijua maana yake. Nikamwambia msimamizi wa wakati ule. Akanijibu, "Paka, Tulloch. Hatukukuita hapa kufikiri." Nikapaka. Nguzo sita, mwanangu, na nilikuwa najua. Mwashi haachi jiwe lake bila alama, kwa hiyo niliiweka, ila niliiweka chini nisionekane.

Siku ile niliyokubeba, unyevu ulikuwa umeshafika begani kwangu. Wewe ulikuwa unapapasa michongo na kucheka. Nikakutoa nje haraka nikakununulia aiskrimu. Nikiikumbuka aiskrimu ile najichukia.

Chukua alama nyingine. Hiyo yangu iache ifie hukohuko.

Baba yako

Kilmorran, 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje?

Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha. Nikilisikia tope lile puani nakukumbuka wewe, na si jambo zuri mtu kumkumbuka babake hivyo.

Jana kitabu kilifunguliwa. Mzee Kinnear akaniuliza, "Alama gani, binti?" Nikachora pembetatu yenye mkia, nikaongeza mstari wangu. Duncan akaja akanikaushia wino kwa kitambaa chake. Leo asubuhi nimeichonga kwenye jiwe jipya la nguzo ya tatu, upande wa nje, kila anayepita kwenda kusali aione. Jiwe likioza, wajue pa kunipata.

Zimebaki nguzo tano zenye saruji yako. Nimeongea na Mzee Kinnear, amekubali. Viungo vya chini unaweza kuvichokonoa ukiwa umekaa kwenye kigoda, kwa hiyo habari za magoti usinieleze. Feri ni Jumanne. Njoo na tindo lako.

Na ulete kitambaa cha mdomo. Kunanuka.

Binti yako,
Rhona