Yule wa Mwisho Upande wa Kulia

Duka la Ushonaji la Damaris,
Soko la Suneka,
Kisii.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Jasper,

Bwakire! Nakusalimu wewe na wifi yangu Maureen kwa moyo mkunjufu. Mgongo unaendeleaje? Maureen aliniambia bado unawainua peke yako wale wazee unaowauguza kazini, kana kwamba unapakia magunia ya majani chai. Omba msaidizi, tafadhali. Na baridi, imeshaanza kubisha hodi huko Minnesota? Sisi huku tu wazima, hatuna la kumlaumu Nyasae Mungu wetu.

Mama hajambo. Goti humuuma mvua inapotaka kunyesha, na kwa kuwa Nyamira mvua hutaka kunyesha kila siku saa nane, unaweza kukisia. Hata hivyo huchuma mistari miwili ya chai kabla ya kunywa uji, na ukimkataza anakuuliza kama umekuja kumzika. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama amempa jina la Minnesota, eti kwa sababu ana miguu mirefu na hakai nyumbani. Hapo ujue unakumbukwa.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Kwanza, Mathew anapanda ndege kuja huko Jumanne na amekubali kunibebea bahasha, pamoja na mboga za chinsaga zilizokaushwa nilizofunga ndani ya kitambaa cha mto ili zisimwaibishe kwenye ukaguzi. Pili, kundi letu la WhatsApp lina watu hamsini na wawili, na maneno niliyo nayo ni ya masikio yako tu. Ule ujumbe wako wa sauti wa mwezi uliopita ulisikika mpaka kwa mashemeji wa Masimba. Sitaki kukujibu mbele ya mashemeji.

Basi nianze. Unajua binti yako Nyamusi, tangu aje kukaa nami ili asomee kazi ya maabara hapa mjini, alijiunga na wale wasichana wanaoshangilia timu yetu ya mpira, pamoja naye wako tisa. Laiti ungewaona! Wanafunga njuga miguuni, wanapanga safu, wanapandiana mabegani, na wakati timu imefungwa mabao matatu wao bado wanaimba kana kwamba kombe liko kabatini. Watu wengine huja uwanjani kwa ajili yao tu, maana kwa ule mpira wenyewe hutoki nyumbani.

Sketi zao nilizishona mimi. Kijani na nyeupe, marinda ishirini na manne kila moja, bukta imeshonewa ndani kwa ndani, na urefu ni inchi mbili juu ya goti. Nilipima mwenyewe. Ladan, binti wa Anisa yule muuza vitambaa wa mjini, yeye nilimshonea suruali ndefu ya kuvaa chini ya sketi, na mtandio wa kijani usiodondoka hata akiruka. Ile ni kazi ya mikono ninayojivunia kuliko magauni yote ya harusi niliyowahi kushona.

Jumamosi ile ya tarehe ishirini na tatu Agosti tulicheza uwanja wa Gusii, tukafungwa. Jioni mtangazaji wa michezo wa redio moja ya mjini, anayejiita Mwamba wa Spoti, akaweka picha ya wasichana wetu kwenye Facebook. Akaandika kwamba kipa wetu hakuuona mpira kwa sababu ya zile sketi, na yeye pia hakuuona na wala hajuti. Mwenzake, mwandishi wa michezo wa mtandaoni, akauliza chini yake, "Yule wa mwisho upande wa kulia, nani ana namba yake?" Baada ya hapo wakaja wanaume wengine kama nzi kwenye ndizi mbivu. Yaliyofuata siyarudii.

Wa mwisho upande wa kulia alikuwa Nyamusi.

Nitakuambia ukweli hata ukiniaibisha. Usiku ule sikuwakasirikia wale wanaume kwanza. Niliona haya. Niliketi dukani nikaanza kufumua pindo za sketi ili nizirefushe, na nilikuwa nimefumua tatu Anisa alipoingia kesho yake. Akaniangalia, akaangalia zile sketi, akasema, "Damaris, cha kupunguzwa ni ulimi wa yule mtu. Wewe unaongeza nguo?" Nikaweka chini ile sindano. Nilijionea aibu ya pili, na hiyo ilinifaa zaidi ya ile ya kwanza.

Siku hiyohiyo ndipo ikaja sauti yako. Nyamusi aache mara moja, na akikaidi arudi Nyamira kwa bibi yake. Binti yako ana miaka ishirini na mmoja, Jasper, angeweza kubisha. Hakubisha. Aliisikiliza mara mbili, akaikunja sketi yake rinda juu ya rinda kama nilivyomfundisha, akaniletea. Alisema tu, "Senge, niwekee," kama anavyoniita mimi shangazi yake. Nikaitundika kwenye msumari ulio juu ya cherehani, na kila nilipokanyaga pedali niliiona.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyocheka. Nilimpigia Mama kumweleza. Mama husikiliza redio hiyo kila jioni akichambua maharage. Akaniuliza, "Huyo Mwamba ndiye yule anayecheka mpaka anakohoa?" Nikasema ndiye. Akasema, "Hicho kicheko ni cha nyumba ya Nehemiah. Huyo ni Alfayo." Jasper, ni Alfayo! Alfayo wetu wa ng'ambo ya mto, mliyeenda naye tohara msimu mmoja, yule aliyekimbia nyuki akaacha suruali kwenye seng'enge. Babu yake na babu yetu ni mtu na ndugu yake.

Miaka mingi ya Marekani isikusahaulishe maana yake. Mtu wa ukoo wako na rika lako ni baba wa watoto wako. Na sisi tuna ile haya yetu ya chinsoni: baba hautaji mwili wa binti yake, hata kwa mzaha, hata akiwa amelewa. Na huyu aliutaja mbele ya kaunti mbili. Nikasikia Mama anacheka. Akaniambia, "Usiende kugombana. Mpeleke mtoto akamsalimie baba yake."

Basi tukaenda redioni kwake, siku ya Alhamisi, akina mama sita na wasichana wote tisa. Tulivaa nguo za kanisani. Nilibeba mkungu wa ndizi mbivu, Anisa akabeba chupa ya chai na mahamri, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mzazi. Bawabu akauliza tunamtaka nani. Nikamwambia, "Tumekuja kumwona baba wa hawa wasichana." Maskini, alitazama wale wasichana tisa, akamwonea Alfayo huruma.

Alfayo alitoka kifua mbele, tayari kwa kelele. Hakukuta kelele. Wasichana walijipanga kama wanavyojipanga uwanjani, wakampa mkono mmoja mmoja, wakiinama kwa heshima kama kwa baba mzazi: "Bwakire, tata." Wa kwanza alimwitikia kwa sauti ya redioni. Wa nne alimwitikia kwa sauti ya kanisani. Ladan alipofika, naye akamwita tata kwa Ekegusii safi kuliko cha kwangu, jasho lilikuwa limefika kwenye kola. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamejaa mlangoni.

Nyamusi alikuwa wa mwisho. Nikataja jina lake, nikataja lako, nikataja la baba yetu na la babu. Nilimwona Alfayo akihesabu kichwani, kisha akatafuta kiti.

"Dada," akaniambia, "haki ya Mungu sikujua huyu ni wetu."

Nikamuuliza, "Na hao wanane, ulidhani ni wa nani?"

Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimejiandaa na mengine ya kumwambia, lakini binti yako akanitangulia. Hakupaza sauti. Alisema, "Tata, mimi ndiye yule wa mwisho upande wa kulia. Baba yangu aliyasoma yale, na sasa nimekatazwa kucheza. Wewe bado unatangaza."

Jasper, mimi nilitamani ardhi inibebe mpaka Minnesota nikuvute sikio, kisha nikukumbatie kwa kuzaa mtoto kama huyo.

Alfayo aliomba msamaha palepale, na tukamwambia asituombe sisi peke yetu, maana hakutukosea chumbani. Akachukua karatasi akaandika atakayosema hewani. Ilianza, "Kama kuna yeyote niliyemkwaza." Anisa akaomba kalamu, akafuta ile "kama" na yote yaliyoifuata. Alfayo akaandika upya mara tatu, huku sisi tukinywa chai na kumsubiri. Jioni, kwenye kipindi chake, alisema kwa Ekegusii na kwa Kiswahili kwamba aliandika upuuzi juu ya mabinti waliokuja kazini, kwamba kosa ni lake na si la sketi, na kwamba ameifuta ile picha. Kisha akawataja wote tisa kwa majina, na kile wanachosomea au kuuza. Mama alipiga simu akilia na kucheka kwa pamoja. Maharage yaliungua.

Usidhani kila kitu kimenyooka. Yule mwenzake aliyetaka namba ametuzuia kwenye ukurasa wake, anasema watu wa Kisii hatujui mzaha. Na wapo wanawake wa kanisani kwangu wanaosema bado kwamba mabinti wangekaa nyumbani yasingetokea. Nawajibu kwa upole siku za ibada. Siku za soko siwaahidi.

Sasa nifike kwako. Jana tulicheza tena, hapahapa Suneka, tukashinda mbili kwa moja! Mimi niliyekuwa nikisema mpira ni wa wavivu niliruka mpaka leso ikanidondoka. Alfayo alikuja, akaketi katikati yetu akina mama, na kila bao lilipoingia alikohoa kile kicheko chao. Wasichana walicheza vizuri ajabu. Lakini walikuwa wanane, na hawakuziba pengo. Walipojipanga waliacha nafasi upande wa kulia, mwishoni kabisa, upana wa mtu mmoja, na wakaitunza mchezo mzima.

Nyamusi alikuwa ameketi kando yangu, mikono mapajani, kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Ila miguu, Jasper. Miguu yake chini ya benchi ilicheza nyimbo zote, hatua kwa hatua, bila njuga.

Ulikosea, ndugu yangu. Nakuambia kwa kuwa nakupenda na kwa kuwa nimekutangulia kuzaliwa. Ulitaka kumkinga, najua, na maili zote hizo zinamtia mzazi wasiwasi. Lakini aliyekosa amerudi kazini, na asiyekosa ndiye sketi yake iko msumarini. Tarehe nne Oktoba, Jumamosi, saa tisa mchana, tuna mechi ya mwisho ya msimu. Kwenu itakuwa saa moja asubuhi. Yeye hatakuomba, anakuheshimu mno. Mimi ndiye ninayekuomba. Mpigie simu, si kwenye kundi, kwake yeye, umwambie neno moja tu. Pindo zile tatu nilishazirudisha palepale zilipokuwa.

Msalimie sana Maureen, umwambie gauni lake la zambarau liko tayari na sijalirefusha. Wabusu mapacha wenu. Mama anakusalimu, na Anisa pia, na anauliza kama huko mnapata mahamri ya maana. Nyasae awalinde njiani na kazini, awape usingizi mtamu na migongo isiyouma, atukutanishe Desemba tukiwa wote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku unapokosea,
Damaris

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama amenitumia kitu kwa mtu aliyekuja sokoni, akasema kiende nawe hukohuko. Ni picha ya tamasha la muziki la shule, mwaka ule ulipokuwa na miaka tisa. Mmesimama jukwaani mmevaa zile sketi za mkonge, magoti nje, na wewe unaonekana unataka kukimbia. Nilikuwepo. Watoto wa shule nyingine walikucheka wakikunyooshea kidole, na Baba, ambaye alikuwa ametoka moja kwa moja kituo cha chai na viatu vya matope, alisimama benchi la mbele akakupigia makofi peke yake mpaka ukumbi mzima ukamfuata. Nyamusi hajawahi kuisikia hadithi hii. Nimekuachia umsimulie mwenyewe.

Igeuze hiyo picha. Nyuma kuna mwandiko wa Baba, kwa ile penseli yake ya kuandikia kilo za chai: "Yule wa mwisho upande wa kulia ni wangu."